Ukurasa wa Mkwe Wangu

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, mchana kweupe, nyumbani kwangu Makwale, maharage yakichemka jikoni. Watu wanapenda visa vya namna hii viwe vya usiku wa manane, na bundi juu ya paa. Changu hakina bundi. Kina uji wa mchele na mifuko ya saruji.

Kwanza nikueleze hasira yangu, maana bila hiyo hasira nisingekuwa na cha kusimulia.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Si kuinamisha kichwa tu. Akija njiani, unaingia kwenye migomba. Akiingia mlango wa mbele, unatokea wa nyuma. Jina lake hulitaji. Nilipoolewa mkwe wangu alikuwa tayari mgonjwa, sauti imebaki ya kunong'ona, na akafariki kabla binti yangu Sekela hajazaliwa. Uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa kikohozi na kwa mgongo wa koti. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ukutani kwetu, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyeachiwa nyumba. Hata hiyo, nikifagia chini yake nilifagia nimeipa kisogo.

Maji yalipokuja, mume wangu alikuwa ng'ambo ya mto Songwe kufuata vitenge. Unayajua mafuriko ya Kyela? Hayabishi hodi. Nilimfunga Sekela mgongoni, nikapita ukutani nikibandua picha moja moja: harusi yetu, ubatizo, bibi yangu na ng'ombe wake. Mkono ukafika kwenye picha ya mkwe, ukairuka. Niamini, sikuamua. Mkono ulikuwa umezoea. Nilipokumbuka, nilikuwa nimeshatoka na ukuta ule umeshalala ndani ya maji pamoja na kila kilichobaki.

Wifi yangu Tupo, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutupa pole. Pole gani! Alisimama uani, majirani wanasikia, akasema:

"Baba tulimzika mara moja. Wewe umemzika mara ya pili."

"Wifi, ningemshika na kumtazama ungesema sina adabu. Nimemwacha, unasema nimemzika. Ulitaka nifanyeje, nijifunge kitambaa machoni kama wale wa mchezo wa kukimbiza kuku?"

"Midomo hiyo ndiyo ingekusaidia kubeba picha."

Na mama mkwe, ambaye siku hizi anaishi kwa Tupo kule Ikolo, alijifunika uso kwa kanga. Alilia tu. Kilio kile ndicho kilichoniuma, kwa sababu mama yule hajawahi kunitendea ubaya, na sasa hakuwa na mahali popote pa kumwona mume wake.

Basi nikasema nitatengeneza kitabu. Kitabu cha kumbukumbu za familia, kizuri kuliko albamu za dukani, na dukani sitaenda. Nilichukua mifuko ya saruji iliyobaki baada ya kujenga upya, nikachana matabaka ya ndani yaliyo safi, nikayanyoosha kwa pasi. Majalada nilikata kwenye boksi la sabuni, nikayavisha mabaki ya vitenge ya mume wangu. Nilishona kwa uzi wa viroba na sindano ya kushonea magunia. Gundi? Uji mzito wa mchele wetu. Mchele wa Kyela unavyonata, nani anahitaji gundi ya chupa? Picha zilizolowa zikagandana nilizilaza kwenye maji safi, nikazitenganisha polepole kama unavyomenya yai la moto. Pale picha ilipoharibika nilibandika kitu: kipande cha kanga ya bibi, suke la mpunga nililolikausha chini ya jiwe la kusagia, kamba ya kitovu cha Sekela kwenye kifuko cha kitambaa. Mwisho nikachanganya masizi ya sufuria na uji mwepesi, nikamchovya Sekela kiganja, nikakigonga kwenye ukurasa wake. Kilitoka safi, hadi mistari.

Ukurasa mmoja ulibaki mtupu. Wa mkwe. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ukoo wote ulikuwa unakutana Ikolo, na Tupo alishatangaza kwamba anakingoja kwa hamu "kitabu cha mtu aliyemsahau mwenye nyumba."

Mchana mmoja kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa mkekani na ukurasa huo, Sekela pembeni, nje nimeanika kakao. Nikasikia hodi.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee mrefu, koti la kahawia, masikio makubwa, kovu limekata nyusi ya kushoto. Akicheka unaona pengo katikati ya meno ya juu. Ananukia kakao mbichi iliyofunikwa ichachuke, ile harufu ya siki, lakini huku nani hanukii hivyo? Nilimtazama vizuri usoni kama ninavyomtazama mgeni yeyote. Akavuta kigoda pale mlangoni, akaketi. Sekela, ambaye huwa anawakimbia wazee, akaenda moja kwa moja akapanda mapajani kwake.

"Unashona nini?"

"Kitabu cha familia, baba."

Akafunua kurasa, taratibu, akisoma picha kama watu wanavyosoma Biblia. Akafika kwenye utupu.

"Na huyu nani aliyetoroka?"

"Mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Baba, unataka kunitia matatani? Silitaji."

"Ndaga fijo, asante sana, umefundishwa vizuri. Sura yake ikoje?"

"Sijui. Sikumtazama hata siku moja."

"Mlikuwa mnachukiana?"

Hapo nikalipuka. Nilikuwa na mambo tele kifuani na yule mzee nilimwona mpita njia. Nikamwambia yote. Nikasema, "Baba, kusema kweli huyo mzee naye alijitakia. Angepiga picha nyingi! Anavuna kakao miaka yote hiyo, anakwenda mjini kila wiki, picha moja! Mimi nitamtoa wapi? Sasa mke wake analia, binti yake ananitukana, na mjukuu wake hana hata kivuli cha babu. Heshima nimempa. Yeye kaniachia nini?"

Yule mzee alicheka hadi akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha kicheko kikakatika.

"Kweli," akasema. "Ni kweli kabisa. Lete hayo masizi."

Nikadhani anataka kucheza na mtoto. Akachovya kiganja chake cha kulia, akakiweka kwenye ukurasa mtupu, akakikandamiza kwa muda. Akamchovya na Sekela, akaweka kile kijikono kando ya chake, dole gumba kwa dole gumba. Sikumzuia. Kwa nini sikumzuia? Nimejiuliza sana. Mgeni anachafua kitabu changu nami nimekaa, moyo umetulia kama nimewekwa kivulini.

"Anua kakao," akaniambia. "Mvua inakuja."

Jua lilikuwa linawaka. Lakini nilitoka, na kabla sijakunja mkeka wa pili mvua ikanyesha ya kupasua mabati. Niliporudi ndani Sekela alikuwa amesimama peke yake, kiganja cheusi, anatazama mlangoni.

"Babu kaenda," akasema.

Nikasikitika kwamba sikumpa hata chai. Basi. Hakuna kingine nilichowaza, nakuapia.

Jumapili Tupo alinipokonya kitabu kabla sijaketi. "Haya, tuone kabrasha." Akafunua. Wakasogea mashemeji, wakasogea wajomba, mara mtu anasema "Tazama bibi na ng'ombe wake!", mwingine anapapasa suke la mpunga. Nilikaa kichwa juu. Kazi yangu naijua.

Tupo akafika kwenye ule ukurasa. "Na huu mkono wa nani? Umemwokota nani barabarani ukamweka mahali pa baba?"

Mama mkwe akanyoosha mikono, akaletewa. Akaangalia. Kidole cha shahada hakikutoka chote; ilionekana ncha tu, kama nukta, kwa sababu kilikuwa kimepinda na hakilali chini. Mama akaweka kiganja chake juu ya kile cha masizi, akakiacha hapo.

"Kidole hiki alikikata kwa panga akipasua kakao," alisema. "Nilikifunga mimi mwenyewe, nikakifunga vibaya, kikapona kimekunjika. Mkamwana, nani amekupa mkono huu?"

Nikasimulia. Tupo akapiga kelele, "Uongo! Kaambiwa habari za kidole!"

"Nyusi?" akauliza mama, hamsikilizi.

"Kovu. Ya kushoto."

"Meno?"

"Pengo la juu, katikati."

"Aliketi wapi?"

"Pale mlangoni, kwenye kigoda."

Mume wangu akageuka kunitazama. "Mama Sekela, kigoda gani? Kigoda cha baba kilikwenda na maji."

Ni kweli. Kilikwenda. Tangu mafuriko hatuna kigoda mle ndani, tunakalia mkeka na ndoo. Nikageuka kutazama mlango nyuma yangu.

Tupo hakukosa la kusema: "Basi amevunja mwiko! Amemtazama baba!"

"Nyamaza, Tupo," mama akasema. "Nani alimfuata mwenzake? Mwenye mwiko amekuja mwenyewe kuufungua."

Toka siku hiyo, kitabu kinakaa kwa mama Ikolo, na kila jioni anakifungua anaweka kiganja chake pale. Masizi ni kitu cha kufutika kwa kidole, lakini yale hayajafifia. Kiganja cha Sekela kwenye ukurasa wake mwenyewe kimeshaanza kupauka; kile cha kando ya babu yake bado ni cheusi kama jana. Wanawake wa Njisi hadi Makwale wananiletea mifuko ya saruji niwafundishe, na Tupo yumo, anakoroga uji na hanitazami usoni. Mimi mvua ikianza na jua linawaka, nakaa naelekea mlango. Siogopi. Lakini sigeuki kuupa mlango kisogo.

Nawe unayesoma, bandika watu wako mapema, kwa uji, kwa mate, kwa chochote, kabla maji hayajapita ndani. Heshimu miiko yako pia, sijasema uitupe. Ila siku ukitaka kumsema mkwe wako, angalia kwanza ni nani aliyeketi mlangoni, na amekalia nini.