Démarreur Zenye Nilipaka Rangi

Kosa iko yangu. Nasema sasa hivi, ju nikianza kuongea nazungukaka sana, na mutauliza: huyu muzee anaenda wapi?

Kwetu Mitwaba, wakati niko mutoto, baba yangu aliuzishaka mbuzi mubaya. Ilikuwa inakula nguo kwenye kamba. Akaiuzisha kwa muntu wa mugini mwingine, akasifu: iko mupole sana. Kisha siku mbili, mbuzi iko mbele ya mulango, na kipande ya suruali ya ule muntu mu kinywa. Akaiuzisha tena, mbali zaidi. Ikarudia. Mama akamwambia: "We baba, uongo yako iko na miguu ine." Mi nilicheka kupita bote. Lakini kujifunza, sikujifunza kintu.

Masomo yangu iliishia darasa ya tatu. Nikakuya Lubumbashi, nikafanya kazi huku na huku, mpaka uzee ikanikuta Kampemba, ku atelier, nyumba ya kutengenezea vyuma, ya rafiki yangu. Tumuite Anaklet. Haiko jina yake.

Anaklet alikuwa anafufua démarreur, kile kintu kinaamusha moteri ya motokari ukizungusha ufunguo. Sheria ya kwetu iko moja: huwezi kupata yenye kutengenezwa kama hauachi yako ya kufa ku meza. Yako ataifungula, ataiosha na esanse, ile petroli ya motokari, atazungusha waya ya mupya, ataijaribu ku bateri. Kisha njo atapiga alama yake, musalaba kidogo mu chuma, na itaenda kwa muntu mwingine. Mi nilikuwa napita mu magaraji na kigari: kupeleka zenye kupona, kurudisha zenye kufa.

Bafundi ba garaji balikuwa bananichekelea. "Papa, hii ulifukua ku makaburi gani?" Anaklet hakupenda rangi. "Rangi inazungusha moteri?" njo vile alikuwa anajibu.

Nikanunua rangi ya bluu, nikapaka zile zenye kupona; Anaklet akaniachia tu. Bafundi balebale bakanisalimia kama mi ni monseigneur, askofu muzima. "Vieux, muzee wetu, leo njo umeleta ya kweli, ya Ulaya." Ulaya gani? Ilitoka barabara ya nyuma ya choo yao.

Pale akili ya mwizi ikaniingia. Kama bantu banapenda rangi tu, ju nini nimungojee Anaklet siku tatu azungushe waya? Nikachagua za kufa zenye zilikuwa bado zinakohoa kidogo, nikapaka. Siku ya mungu, wakati Anaklet iko ku misa, nikapiga ule musalaba mi mwenyewe. Bafundi bakapokea, meno yote inje.

Sasa muniambie: mupumbafu gani anadanganya mu kazi yenye kila kintu kinarudia? Wiki chache zikapita, zile démarreur zikafa kabisa, na sheria iko sheria. Zikaletwa ku meza ya Anaklet.

Akafungula ya kwanza. Nilikuwa pale. Ndani, vumbi na waya ya zamani ya kuungua. Inje, alama yake. Niliwaza atanikamata shati. Akatosha lunettes ya macho, akapangusa, akavaa tena. Akafungula ya pili. Ya tatu.

"Yaya," akaniuliza, ju mi njo mukubwa, "ni mi nilitengeneza hizi?"

Nikajibu: "Alama si iko yako?"

Kama ningesema ni mi, angenitukana mpaka magaribi, na ingeisha.

Bibi yake wa ndoa akasikia, akamwambia: "Ni macho, baba. Nilikuambia upumzike."

"Haiko macho," Anaklet akasema. "Ni kichwa. Napiga alama, na sikumbuki kama nilitengeneza."

Tangu ile siku hakugusa waya. Akaanza kuita bafundi ku telefone, mumoja mumoja, kuomba musamaha. Mumoja, ule mwenye alisifu Ulaya yangu, akamujibu kwa sauti ya kusikika mu atelier yote: "Papa, lala ku nyumba, acha kazi kwa benye bangali na akili."

We mwenye unasoma, usipake rangi juu ya jina ya mwenzako. Kama ulishapaka, sema siku ya kwanza, ju siku ya pili kinywa inakuwa nzito kupita moteri ya kamiyo ya mizigo. Mi niliacha siku kumi na moja zipite.

Ya kumi na mbili, Anaklet akanisogezea kiti. "Keti hapa, yaya. Wewe macho yako iko bado muzuri. Nitakufundisha kazi, utabakia na atelier. Muntu mwingine wa kutumainia sina."

Bibi yake akaleta chai, akaweka bikombe bitatu. Nikafungula kinywa.

"Nitoke kidogo," nikasema, "ninunue sukari."

Sukari ilikuwa ku meza. Bote babili baliiangalia. Nikatoka, nikapita soko, nikapita kanisa, nikaendelea kutembea, na sikurudia tena.