Kiatu cha Kushoto cha Stempu

Fundi Misumari alipata jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Miaka thelathini na moja alifanya kazi chini ya ngazi za jengo lile lile, vijisumari saba vimebanwa midomoni, akivitoa kimoja kimoja na kugonga, na mteja mwenye maneno mengi aliambulia mguno tu. Majirani walidai ndiyo maana Mama Pacha, mkewe, hakuwahi kumchoka: mume asiyeweza kujibu kutwa nzima, mwanamke atake nini tena? Lakini Fundi alikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha. Kabla ya kumkabidhi mtu kiatu, alifumba macho, akaingiza mkono ndani na kupapasa kila mahali, asije akamwachia mwenyewe ncha ya msumari. Hakuna mguu uliowahi kuchomwa na kiatu kilichotoka mikononi mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake, maana nyumba hakujenga na shule hakumaliza.

Jumatano alipata mgeni. Alikuwa Stempu, rafiki yake wa ujanani, waliyepanga naye chumba kimoja na kuvaliana mashati kabla hawajaoa. Stempu alikuwa tarishi wa posta katika mji mdogo mbali na hapo, na sasa alikuwa amestaafu. Alikuja kulala kwao siku tatu, kisha Jumamosi alfajiri aondoke na kundi la mahujaji waliokuwa wanakwenda mahali patakatifu kwa miguu, mwendo wa siku kumi na nane. Alisema ameweka nadhiri. Alipoulizwa nadhiri ya nini, alicheka, akasema mambo ya mtu na Mola wake hayapitii posta.

Mama Pacha hakucheka. Alijua kwamba Stempu ana ugonjwa wa sukari, na jirani yao wa ghorofa ya chini, mwenye sukari vile vile, alianza na lengelenge dogo la kiatu, akaishia kukatwa mguu chini ya goti.

"Shemeji, hebu vua soksi niione hiyo miguu."

"Shemeji yangu, miguu hii imebeba barua za watu miaka ishirini na tisa. Iache ipumzike, isiangaliwe-angaliwe."

Akalala na soksi zake, siku ya kwanza na ya pili.

Alhamisi jioni Fundi alikuwa anamalizia kuvitia soli mpya viatu vya safari vya Stempu. Mama Pacha akaita kutoka nyumbani kwao ghorofani kwamba chakula kinapoa, Stempu naye akavipokonya viatu kwa utani, akisema fundi huyu angepewa kazi ya posta barua zingefika zimeota mvi. Wakapanda juu wakicheka. Ijumaa asubuhi Stempu akavivaa, akaenda mjini kujiandikisha kwa kiongozi wa kundi.

Ilikuwa yapata saa nne Fundi alipokishika kiatu cha mteja mwingine, akafumba macho, akaingiza mkono, na hapo hapo akakumbuka. Vya Stempu hakuvipapasa! Alijituliza haraka. Kama kungekuwa na ncha, Stempu asingefika hata kwenye kona. Angerudi akirukaruka kwa mguu mmoja na kumtukana mbele ya mtaa mzima. Mtu yule hakuumbwa kunyamaza. Hata hivyo Fundi hakufanya kazi ya maana tena. Kila aliyepita alimtazama miguu.

Saa tisa alasiri Stempu alitokea, kifua mbele, kitambulisho cha hija kimebandikwa shatini.

"Ndugu yangu, wewe ni fundi! Nimeuzunguka mji wote tangu asubuhi, wala sijui kama nimevaa kitu."

Roho ya Fundi ikatulia. Akamwambia avivue ili yeye avipake rangi, kesho aondoke anang'aa. Stempu akavivua, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaanza kumsimulia juu ya kiongozi wa kundi, mama mmoja mkali kuliko mkuu wa posta. Fundi akaingiza mkono katika kiatu cha kulia. Kisafi. Akaingiza katika cha kushoto, na msumari ukamchoma kidole.

Aliutoa mkono umelowa damu hadi kwenye kiganja, na tundu la kidoleni mwake lilikuwa dogo mno kutoa damu yote ile. Akaitazama soksi ya Stempu. Kisiginoni ilikuwa imeganda, nyeusi.

Nisiwafiche. Jambo la kwanza aliloliona Fundi lilikuwa aibu yake mwenyewe. Angeweza kuung'oa ule msumari, akapaka rangi, akanyamaza, na nani angejua? Mwenye mguu mwenyewe hakujua. Ni hapo, alipofika kwenye neno hilo, ndipo alipoogopa kweli.

"Vua soksi," alisema.

"Ah, na wewe tena? Shemeji amekutuma?"

"Vua, bwana. Halafu fumba macho. Nikikugusa, uniambie ni wapi."

Stempu alianza kucheka, akaacha. Akavua, akafumba macho. Fundi akaupakata ule mguu wa kushoto juu ya aproni yake, kama anavyopakata kiatu cha mtu yeyote. Akaminya kidole gumba. Akaminya katikati ya wayo. Akaminya kando ya tundu la msumari kwa nguvu zake zote, hadi damu mbichi ikatoka.

"Haya, anza basi," alisema Stempu, macho bado kayafumba. "Au unangoja mteja?"

Fundi aliendelea kuminya pale pale. Stempu akafumbua macho, akaviona vidole vya rafiki yake vilipokuwa.

"Msumari ni wangu," Fundi alisema. "Jana sikupapasa. Nimekuumiza, ndugu yangu."

"Hujaniumiza."

"Hilo ndilo ninaloliogopa. Tangu lini?"

"Mwaka jana. Nilianza kupoteza ndala njiani. Nafika nyumbani mguu mtupu, sina habari."

"Basi huendi."

"Naenda. Jina langu limeshaandikwa."

"Siku kumi na nane na kidonda hiki? Utarudi umebebwa! Miguu yako huisikii, na bado unataka kuipeleka huko?"

"Sasa nikaombe nini kingine?" Stempu alisema. "Nadhiri yangu ndiyo hiyo, bwana. Nilikuwa nakwenda kuiombea hii hii miguu."

Fundi alilia, hakuona haya. Huku akilia alichukua koleo, akakiweka kiatu cha kulia mapajani, akaanza kuing'oa soli aliyoigongomea na kuishona jana yake. Uzi ulikatika pingili kwa pingili. Stempu angeweza kumnyang'anya, maana mikono yake ilikuwa bado na nguvu kumshinda. Juu ya ngazi Mama Pacha aliuliza kama awaletee chai huko huko chini.

Soli ikaanguka sakafuni. Stempu akainama, akakiokota kiatu cha kushoto, akampa nacho aking'oe soli.