Kompyuta Ingenitaja

Juzi, dukani Voi, ndugu wawili walikuwa wakibishana wanunue kompyuta ya gemu au mashine ya kuchomeka kwenye TV. Nikakumbuka alasiri moja utotoni, mjomba alipotuletea zote mbili, zikinukia plastiki mpya, tuchague moja.

"Kompyuta," dada yangu Mghoi alisema. "Inajua kila kitu."

Nilikuwa nimetoka kudokoa kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, alichopikiwa mjomba, na niliamini kompyuta ingenitaja kwa sauti.

"Hiyo ya TV, mjomba, tafadhali," nilisihi, mpaka Mghoi akakubali.

Tulikuwa tukicheza kwa vifijo Mama alipotoka jikoni. "Nani amekula kimanga cha mgeni?"

"Mwenye kimanga kidevuni," Mghoi alijibu, macho kwenye TV.

Nikafuta kidevu haraka. Hakikuwa na kitu, na mjomba alicheka mpaka akakaa chini.