Waya wa Katikati

Ofisini walimwita Kisiki, na waliompa jina hilo wote walikuwa wamewahi kujikwaa kwake. Kazi yake ilikuwa kuchora njia za umeme ndani ya chipu, nyaya nyembamba kuliko unywele, zimebanana mpaka unazionea huruma.

Chipu ya safari hii ilikuwa ya mashine ya kufuatilia moyo wa mgonjwa aliyelazwa. Waya mmoja ulibeba mapigo ya moyo, hafifu kama mnong'ono. Jirani yake ulibeba umeme wa kupanda na kushuka bila kupumzika. Hazikugusana, lakini huo wa jirani ukiruka, ule wa moyo hushtuka. Kisiki aliyajua hayo tangu utotoni, alipolala kitanda kimoja na dada yake mrusha mateke, mpaka mama yao alipoamua kulala katikati. Basi na hapa aliweka mama: waya wa tatu, usiobeba chochote, kati ya hizo mbili.

Bosi alitaka utolewe ili chipu ipungue ukubwa.

"Vipimo si vimepita hata bila huo waya, dada?"

"Mmepima waya wa jirani akiwa amelala, hana umeme, bosi. Mwamsheni muone."

"Muda hatuna. Kesho mchoro unakwenda kiwandani."

"Basi mgonjwa atahesabiwa mapigo asiyokuwa nayo. Moyo usimame, mashine iseme mzima."

"Ukiendelea na ubishi, mradi nampa mwingine."

Kisiki aliogopa, kwa maana kazi kama ile haiokotwi njiani. Ila hasira ilikuwa imeshautangulia woga.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake: anayeidhinisha mchoro huweka jina lake kwenye kona ya chipu, dogo hata macho hayalioni. Kisiki akafuta la kwake, akainuka, akamsogezea bosi kiti.

"Toa waya. Ila jina weka lako."

Bosi akakaa. Waya aliutoa mara moja, bila shida. Jina ndilo lililomshinda. Aliandika herufi ya kwanza, akaitazama, akaongeza ya pili, akajikuna shingo. Kisha akazifuta zote mbili na kuurudisha waya mahali pake.

"Haya, njoo uandike lako," alisema bila kumtazama.

"Nitaandika," alisema Kisiki, bado amesimama. "Kwanza mwamshe jirani."