Siku Niliyomwimbia Mgombea Wimbo wa Kumcheka

Shoga zangu, nichekeni tu. Kwenye mchujo wa chama sisi kina mama wa Ndia Kuu tulimtaka Bwana Salim, na mpinzani wake, Bwana Athmani, tulimtungia wimbo wa kumcheka. Athmani akashinda. Tukanuna, na wengine wakaapa kwamba siku ya uchaguzi kura zao watakipa chama cha pili.

Mzee wa chama akaja kunibembeleza. "Bi Zuhura, yalopita yamepita. Mkutanoni mwimbieni Athmani, watu waone kwamba sisi ni kitu kimoja."

Nikakubali. Wimbo wa kumsifu niliufanyia mazoezi jikoni mpaka mume wangu akahamia barazani.

Siku ya mkutano, pale Tononoka, Athmani aliketi mbele na koja la asumini shingoni. Ngoma ikalia, nami nikafumba macho kwa madaha, nikapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Athmani, kanzu ndefu..."

Yarabi, wimbo wa zamani! Nikanyamaza, nikiomba wenzangu waniokoe.

"...ahadi fupi!" wakaitikia wote, kwa vigelegele.

Athmani akaitazama kanzu yake, kisha akamgeukia yule mzee. "Hawa ndio mlonambia washarudi kwetu?"