Siku Sita Tulizomficha Auma

Maharage yakiungua jikoni kwa jirani, mimi hurudi shuleni. Sitaki, lakini pua haiombi ruhusa. Narudi kwenye ile sekondari ya bweni nyuma ya mtaa wa Nateete, penye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu, na mwaka wetu wa mwisho tuliokaa ndani yake kama kuku waliofunikiwa tenga.

Sinia Foo, yaani kidato cha nne, hatukutoka getini muhula wote wa tatu. Wazazi hawakuruhusiwa kuja. Simu zilikatazwa. Aliyeumwa alipewa vidonge na maombi katika chumba cha Matroni. Ng'ambo ya ukuta tuliwasikia makondakta wakiita abiria, tukawa tunajua kila gari linakwenda wapi, ila sisi hatuendi popote.

Auma alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Wote wawili tulikuwa watoto wa kambi ya polisi ya Naguru, nyumba zetu zimepakana hata chumvi tuliombana dirishani. Darasani wenzetu walisema Kiingereza na Kiganda. Sisi tukibaki wawili tulirudia Kiswahili chetu cha kambini. Baba yake alikuwa koplo, mtu mnene, mcheshi. Kila tukifungua shule alitusimamisha mbele ya mlango, akakagua viatu vyetu kama tuko gwaride, akasema, "Maafande wangu, nendeni." Mimi baba yangu alikuwa kazini kaskazini miaka mingi, kwa hiyo ukaguzi ule niliuchukua kama wangu pia.

Jumapili moja, katikati ya mitihani ya mwisho, tulikuwa kwenye foleni ya uji. Redio ya mpishi haikuzimwa tangu alfajiri mpaka usiku. Tulizoea kula huku matangazo ya vifo yakisomwa, jina baada ya jina, bila hata kuacha kutafuna. Asubuhi ile likasomwa jina la koplo wa Naguru. Presha, Jumamosi. Mazishi Jumanne, kijijini Lira. Habari ziwafikie ndugu fulani na fulani. Marehemu ameacha binti, Auma.

Auma alikuwa kwenye tangi la maji, anafua soksi.

Nusu saa baadaye Naibu Mkuu alitukusanya darasani. Auma alikuwa ametumwa stoo kuhesabu sahani, kazi ambayo haijawahi kuwapo. Naibu alisema baba mdogo wa Auma amekuja getini jana jioni, na ndugu wameomba mtoto amalize karatasi zake kwanza. Hilo halikutushangaza. Wengi wetu tulijua mtu aliyefichwa hivyo. Ndivyo watu wanavyofanya mtoto akiwa kwenye mtihani. Naibu akatuambia tuinue mikono ya kulia, tuape kutomwambia. Nami niliinua wangu. Sikulazimishwa kuliko wengine, na sitaki kusema nililazimishwa.

Basi tukaanza kuwa wema. Sijaona wema kama ule tena. Msichana aliyekuwa akifunga sukari yake kwa kufuli alimwekea Auma vijiko vitatu. Mwingine alimtandikia kitanda. Mchana ule wa Jumapili, siku pekee ya nyama, kila mtu aliyepita alimdondoshea kipande, mpaka sahani yake ikawa kama ya bwana harusi.

"Nyinyi mnaninenepesha," Auma akasema, akicheka. "Mnanichinja lini?"

Meza nzima ikacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Mimi nilicheka pia. Jikoni redio ilikuwa imezimwa, na ukimya wake ulikaa juu yetu kama mvua iliyokataa kunyesha.

Siku zile sikupata pa kwenda. Nikipanda kitandani, yuko chini yangu. Nikienda maktaba, amenishikia kiti. Jumanne, saa ambayo nilihesabu kwamba baba yake anashushwa kaburini, tulikuwa kwenye karatasi ya hesabu, naye ameinama mbele yangu, shingo yake imetulia, anaandika. Niliitazama shingo ile mpaka msimamizi akagonga meza yangu.

Jumatano jioni tulikuwa bombani, wawili tu. Aliongea bila kuniangalia, kwa Kiswahili chetu.

"Zai, baba hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Na nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba Matroni amesema wote nyumbani wanatusalimu. Hilo la salamu nililitunga mwenyewe. Hakuna aliyeniapisha kwa hilo.

Auma alikamua nguo yake mpaka tone la mwisho. "Sawa," akasema.

Ijumaa karatasi ya mwisho ilipokusanywa, darasa lililipuka. Tulimwagiana maji, tukachana madaftari, tukasainiana mashati. Baba mdogo wake alisimama mbele ya ofisi, ameshika kofia. Auma alimwendea kabla hajaitwa. Hakupiga kelele. Alirudi bwenini, akachukua sanduku lake la bati, akatoka getini. Hakuniaga. Tulisema ni mshtuko.

Alifaulu vizuri, akasomea uuguzi. Mimi nilianguka, na leo nashona sare za shule Kisenyi. Ningependa kusema ni siri ile iliyonivuruga, lakini hesabu zilinishinda tangu kidato cha kwanza.

Darasa letu lina kundi la WhatsApp. Kila mwaka msimu wa mitihani ukifika, mtu huandika jinsi tulivyokuwa ndugu, jinsi tulivyombeba Auma wiki ile, na mioyo myekundu inafuata. Auma hakuwahi kujibu. Siku moja tu tuliona ameondoka kwenye kundi.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Siku ya pili ya msiba Auma alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani karibu nami. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Wanawake wengine walipokwenda kupakua chakula, akasema polepole, bila hasira, kwamba alijua tangu Jumapili ile. Redio isiyozimwa imezimwa, na yeye peke yake ana vipande kumi vya nyama. Presha ya baba yake aliijua. Asingejuaje?

"Sasa kwa nini uliniuliza?" nikasema.

"Sikutaka habari, Zai. Nilitaka mtu wa kulia naye. Niliposema baba, nilitaka wewe uanze. Ukasema hajambo. Basi nikabaki nayo mpaka Ijumaa, na nyinyi wote mnanichekea-chekea usoni."

Miaka yote nilidhani mzigo wa wiki ile ulikuwa wangu. Nilijihurumia kwa siri niliyobeba, nikaona nimefungiwa kuliko wote. Kumbe aliyefungiwa alikuwa yeye: bwenini na watu thelathini na wanane, kila mmoja anajua, naye amelala macho wazi chini ya kitanda changu anazuia pumzi ili mimi nisimsikie. Baba yule alikuwa ananikagua viatu. Mimi pia sikumlilia, maana aliyepaswa kulia nami nilikuwa nimemdanganya.

Hapo mkekani, msiba ukiwa wa mama yangu, nilifanya jambo ambalo wengine wangeliona la ajabu. Nilimgeukia, nikamshika mabega, nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha kambini, taratibu, kama ndiyo kwanza nimetoka kwenye foleni ya uji:

"Auma, baba amekufa. Jumamosi. Wanamzika Jumanne."

Akanitazama. Kisha akaniangukia kifuani, akalia kama mtoto wa miaka kumi na saba, na mimi nikaanza kulia naye.