Alasiri Tuliyopotea Lucca, Mimi na Bibi

Wiki ya safari, rafiki wa madam alikuja kumuaga. Wakakaa sebuleni, pale nyumbani Bustan, Maskati, nami nikawapelekea kahawa. Wote wawili ni Waomani wa asili ya Zanzibar, na walijua fika kwamba nasikia Kiswahili, maana ndicho kilichofanya nichukuliwe kazi. Mimi ni Mganda, nimekulia Busia mpakani, lugha hii niliiokota sokoni. Hata hivyo yule mgeni aliongea kana kwamba sipo.

"Wamchukua huyu Ulaya? Mtumishi wa jirani yangu alimkimbia hukohuko. Wametoka kula, wanageuka, mtu hayupo."

"Pasipoti yake nnayo mie," madam alijibu. "Na ataenda wapi, hajui mtu."

Nilikuwa sijawahi kuwaza kukimbia. Tangu siku ile kila nilipokunja nguo za watoto nilijiuliza: itakuwaje nikipotea kidogo tu, nani ataniamini?

Kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza Bibi, mama yake madam, ambaye magoti yake yamechoka. Familia ilikuwa inakimbia joto la Maskati, na Bibi alisema haendi popote bila mimi. Ndivyo nilivyofika Italia.

Lucca ni mji mdogo wa kale, umezungushiwa ukuta mpana hata watu wanaendesha baiskeli juu yake. Ndani ni vichochoro, nyumba za rangi ya manjano, na kanisa kila ukigeuka. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilimshika Bibi mkono, macho yangu yakawa mgongoni kwa madam muda wote.

Alasiri tukafika kwenye mnara ambao juu yake imeota miti. Madam, mume wake na watoto wakataka kupanda. Bibi hakuweza.

"Kaeni hapa hapa, msiondoke," madam akasema. Simu ya Bibi ilikuwa kwenye mkoba wa madam. Yangu haikuwa na laini ya huko.

Hawajapotea machoni sawasawa, Bibi akanivuta mkono.

"Nnataka kwenda msalani."

"Bibi, tuwasubiri kidogo."

"Hili halisubiri, mwanangu."

Mkahawa wa karibu walitukatalia. Wa pili ulikuwa umefungwa. Mtu mmoja akatuelekeza kwa mkono, tukapita chini ya tao, tukatokea kwenye uwanja wa mviringo uliozungukwa na nyumba pande zote. Hapo mwanamke mmoja wa mkahawa alituonea huruma. Nilikuwa na chupa ya maji kwenye begi, maana kwa Bibi karatasi pekee haitoshi. Nikamsaidia, nikamnawisha, tukatoka.

Uwanja ule una matao kadhaa na yote yanafanana. Tukapita moja, nikajua baada ya kona mbili kwamba silo. Nikarudi, nikashika lingine. Barabara haikuwa ile. Nilimuuliza kijana mmoja, akanijibu kwa Kitaliano kirefu akitabasamu.

Bibi akasimama. "Magoti yamekataa. Tuingie humo tukae."

"Ni kanisa, Bibi."

"Nnaona. Nnataka kiti tu."

Tukakaa kwenye benchi la nyuma, yeye na buibui lake, mimi na begi kifuani. Mimi ni Mkatoliki, na ilikuwa imepita miezi mingi bila kuingia kanisani. Nilijaribu kusali, lakini maneno yaliyokuja yalikuwa hayo hayo: wasiwe wameshuka, wasiwe wameshuka.

Bibi alinitazama. "Mbona wahangaika? Tumepotea tu."

"Watasema nimekimbia."

"Na mie umenitia mfukoni?"

"Watasema nimekuacha mahali, Bibi."

Aliitazama mishumaa. Nilidhani atanicheka. Kisha akashika benchi la mbele, akajiinua, na nilijua bado hajapumzika hata nusu.

"Nipe mkono wako. Twende."

Tulitembea polepole mno. Kila hatua aliuma meno, na mimi nilitaka kukimbia mbele nikawaambie, lakini hilo ndilo jambo moja nisiloweza kufanya. Mwishowe, kati ya mapaa mawili, nikaona ile miti ya juu ya mnara. Tukaifuata.

Walikuwa wote chini. Mume wa madam alikuwa na watoto pembeni. Madam alisimama na polisi wawili, anawaonesha simu yake. Tuliwafikia kwa nyuma, nami nikaiona ile simu kabla yeye hajaniona. Ilionesha picha ya pasipoti yangu.

Bibi naye aliiona.

"Mamako kapotea," alisema, "weye waonesha picha ya nani?"

Madam aligeuka. Akamkumbatia mama yake, akaanza kulia. "Nilidhani..." alisema, wala hakumalizia. Bibi akaeleza yote, msalani, matao, kanisa, akasisitiza kwamba yeye ndiye aliyeondoka na mimi nilimfuata. Mume wa madam akawashukuru polisi. Mmoja wao alinitazama kitambo kabla ya kwenda zake.

Usiku mezani madam alinisogezea mimi sahani kabla ya wengine wote. "Usinifahamu vibaya," alisema bila kuinua macho.

"Hapana, madam."

Siku zilizobaki nilitembea mbele yao badala ya nyuma, wanione. Hakuna aliyeniagiza.

Tumerudi Maskati, nimeongeza mkataba, na hakuna aliyewahi kulitaja tena. Ila mpaka leo nikitoka hata kutupa taka, nasema kwa sauti mlangoni: natupa taka, narudi. Bibi alinikataza. "Huna haja ya kutangaza kila ukivuka kizingiti," aliniambia. Nilijaribu kuacha kwa siku kadhaa. Nilikuwa nafika kwenye pipa, nageuka kurudi mbio nikawaambie, na mfuko wa taka bado mkononi.